Kibao cha Mradi kwenye Shamba la Mwatum

Asubuhi ya kwanza ya bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali, Mwatum aliteremka pwani ya Makangale na kukuta kibao cha bati kimesimikwa kwa nguzo mbili katikati ya shamba lake la mwani. Kilikuwa na jina la kikundi cha wanawake wakulima wa mwani, kile kile kilichomtoa miezi mitatu nyuma kwa kukataa kulitia shamba lake katika mali ya pamoja.

Alikisoma chote, hata namba ya simu. Kisha akahesabu vigingi vyake: sitini, vyote vipo. Walikuwa waangalifu.

Pwani ile haina hati. Mahali ni pa mwenye kigingi, na kigingi cha mtu haking'olewi. Bi Jaribu aliwahi kung'oa kimoja tu, tena kibovu, na mwaka wa kumi na moja huu hakuna anayefunga mwani kando yake. Na nguzo ya kibao, ikishasimama majini, ni kigingi.

Bi Mgeni, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa anamngoja na wenzake wanne.

"Asalamu alaykum," alisema Mwatum. "Kibao hiki kimefuata nini hapa?"

"Kusoma si unajua? Weye ndiye uliyesomea Mkoani, sisi tumesomea jikoni."

Wenzake wakacheka.

"Wageni wa mradi wanakuja leo," Bi Mgeni aliendelea. "Wanataka kuona mwani ulio hai. Wetu umeoza kwa joto, wako haukuoza. Wapige picha, watujengee chanja za kukaushia. Utapungukiwa nini?"

"Wakiondoka, kibao kitaondoka?"

"Kibao cha mradi hakiondolewi."

"Basi nitapungukiwa shamba."

"Shamba! Mtu akisikia atadhani una konde la mikarafuu. Haya, king'oe. Miye sikuzuii. King'oe tuone."

Wote watano waliitazama mikono yake.

Mwatum hakukigusa. Alikizunguka mara moja, akainama kuziangalia nguzo. Zilikuwa tupu. Kigingi kitupu, yeyote anaruhusiwa kukifunga kamba, na akishakifunga ni chake, wala kamba yake haifunguliwi na mwingine. Wanawake hawa walikuwa wamefunga mwani miaka ishirini, na kwa haraka ya kuwahi wageni wamepigilia nguzo mbili wakasahau kamba.

Akatoa kwenye pakacha kamba yenye mbegu za mwani, akaifunga kwenye nguzo ya kwanza, akaipitisha mbele ya maandishi, akaifunga kwenye ya pili.

"Mwana wa haramu weye!" alisema Bi Mgeni, lakini hakusogea.

Wageni walifika maji yakiwa yametoka kabisa. Bwana Msellem, kiongozi wao, alivaa mabuti na kubeba kamera.

"Mashaallah, mwani mzuri. Ila kamba hii inaziba jina. Ifungueni kidogo nipige picha."

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi nitaifungua mwenyewe." Akaunyoosha mkono.

"Usiiguse!" Bi Mgeni alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu hata kamera ikayumba.

"Kwani si yenu?"

Bi Mgeni alimtazama Mwatum kama mtu anayetazama nyoka chumbani.

"Si yetu," alisema.

"Na shamba?"

"Si letu."

Bwana Msellem aliandika kitu kwenye daftari lake, akaomba aonyeshwe shamba la kikundi lenyewe. Alipelekwa kwenye mwani uliooza. Hakupiga picha, wala hakuzitaja chanja.

Walipoondoka, Bi Mgeni alirudi peke yake.

"Watoto wetu wataendelea kukausha mwani mchangani, unanyeshewa na mvua, kwa sababu yako. Nshakwambia. Pwani hii hakuna mkono utakaokusaidia tena. Ukianguka majini, utajiokota."

"Nimesikia, Bi Mgeni."

Ilikuwa imebaki mistari minne ya kamba za mwani kufungwa. Kuvuta kamba ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande. Mwatum alifunga ncha moja, akatembea hadi kigingi cha pili, akaivuta. Ililegea. Akarudi kuanza upya.