Ubeti wa Pili wa "Juu Kunakucha"

1.

Maneno aliyakuta kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Tukuyu, mvua ikinyesha, yeye na debe lake la mahindi.

"Mmesikia ya yule mama aliyempigia bintiye wimbo wa kuachika siku ya sendofu?"

"We! Mama mzazi?"

"Mzazi kabisa. Na kacheza mwenyewe, kiuno hiki hapa. Ndoa haina hata mwezi, wanasema imeshakufa."

"Huyo mchawi."

"Mchawi ana afadhali, anajificha."

Atuganile alivuta mtandio ukamfunika uso. Mama mwenyewe ni yeye. Bintiye, Sekela, ameolewa Kyela, na leo ni siku ya kumi na tisa hapokei simu ya mama yake.

Akapiga palepale. Ukalia ule wimbo wa kwaya ambao Sekela amewawekea wanaompigia. Ukalia mpaka mwisho.

Haikupokelewa.

2.

Wewe mama unayesoma, usimcheke. Na wewe una wimbo wako, ule ukiusikia unaacha kuosha vyombo. Unaujua?

Wote?

3.

Wa Atuganile ni "Juu Kunakucha". Aliupata akiwa darasa la sita. Baba yake alikuwa na redio ya mbao, na betri zikichoka zilianikwa juani kama dagaa. Sheria ya nyumba: taarifa ya habari, halafu wimbo mmoja, na huo mmoja usifike mwisho. Baba alingoja kiitikio

     Beba mzigo wako, Stela,
     juu ya mlima kunakucha

tak. Anazima.

Basi huo ndio wimbo aliokua nao: ubeti mmoja na kiitikio. Aliuimba akichuma chai, kapu linamkata mabega, akiamini Stela naye ni mchuma chai. Aliuimba alipofiwa na mume, Sekela akiwa bado wa mgongoni. Kila aliposhindwa aliuona ule mlima, akaona kunakucha, akanyanyua mguu. Angemuuliza nani kama kuna ubeti mwingine? Kwani wewe ulishawahi kuuliza kama mkono wako una kidole cha sita?

4.

RATIBA YA SENDOFU
(imebandikwa mlangoni pa ukumbi)

Saa 9.00   Wageni kuketi
Saa 10.00  Wakwe kuingia
Saa 10.30  Mama mzazi kuingia na zawadi, kwa wimbo aupendao. WIMBO UPIGWE WOTE.

Hayo ya herufi kubwa aliyaomba mwenyewe.

"Mama, huu wa zamani umenitoa jasho kuupata," dijei alimwambia. "Niukate wapi?"

"Usiukate, mwanangu. Maisha yangu yote unakatwa."

5.

Ubeti wa kwanza, ukumbi mzima uko juu. Vigelegele. Atuganile anacheza, blanketi la zawadi kichwani. Kiitikio, na wakwe nao wameinuka. Halafu tarumbeta ikanyamaza, na mwimbaji akaendelea kwa sauti ambayo Atuganile hajawahi kuisikia:

     Mkono ulionivisha pete
     ndio ulionivimbisha jicho.
     Msiniulize naenda wapi,
     ulizeni nimetoka

Mtu akachomoa waya.

Ambokile, bwana harusi mtarajiwa, alitazama viatu vyake. Mama yake alikusanya kanga zake akatoka. Na Sekela alilia, si kulia kwa sendofu kwa kujifuta na leso. Alilia mpaka mabega yakaruka. Watu wakasema ni aibu.

Atuganile naye akasema ni aibu.

Ndoa ilifungwa Jumamosi iliyofuata. Hakuna aliyecheza.

6.

YAH: KUTAKIWA KUOMBA RADHI

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Ukoo umekaa kikao na kuona kwamba ulimwimbia kijana wetu maneno ya kumtuhumu jambo ambalo halina ushahidi. Unatakiwa kufika Kyela Jumapili saa nne asubuhi, upige magoti mbele ya ukoo. Kabla ya hapo, bibi harusi hatazungumza na watu wa kwao. Yeye ametulia na hana tatizo lolote.

7.

"Nenda kapige goti yaishe, da Atu," alisema jirani yake, Mama Tumpe. "Goti si yai."

"Kosa langu ni lipi? Kosa ni la betri!"

"Utawaeleza watu wazima habari za betri?"

Alikasirika. Alimkasirikia baba yake aliye kaburini, akamkasirikia dijei kwa utii wake. Akamkasirikia na mwimbaji: mtu unatunga kiitikio kitamu hivyo, halafu jicho lililovimba unaliweka nyuma yake, kwa nini usiseme mapema, kwa nini usi

8.

Jumamosi. Kanga ya kupigia goti iko juu ya kitanda, imekunjwa. Akapiga tena, kwa mazoea tu.

Hapakuwa na kwaya.

Tarumbeta.

Akadhani amekosea namba. Akatazama kioo: Sekela. Na wimbo haukuanzia mwanzo, wala kwenye kiitikio. Ulianzia

     Mkono ulionivisha pete

"Mama Tumpe! Hizi nyimbo za simu hujibadilisha zenyewe?"

"Zijibadilishe ni vinyonga? Mpaka mwenye simu aishike abonyeze."

Abonyeze.

Akausikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu aupate darasa la sita. Ulizeni nimetoka wapi. Simu haikupokelewa.

Ndipo akakumbuka. Siku ile Sekela alianza kulia kwenye neno "pete", jicho likiwa bado halijatajwa, kabla hata mtu mmoja hajageuka kumtazama. Aibu ilikuwa bado haijaingia ukumbini.

Kanga ikarudi sandukuni. Basi la kwanza la Kyela huondoka saa kumi na mbili.

9.

Ya kuepuka

Usizime redio katikati ya wimbo.
Usimchezee mwanao wimbo usioujua wote.
Usiseme ni aibu kabla hujamuuliza analia nini.
Usipige goti kwa watu waliokuficha mwanao.
Usiende peke yako. Mchukue Mama Tumpe, ana mdomo.
Usijaze basi mizigo yako. Acha nafasi ya mzigo wa mwanao.
Akitoka, usimuulize anaenda wapi.