Shahamu ya Bwana Mnofu

Kwa Bwana Mnofu, kila kiumbe duniani kilikuwa kimekonda. Mteja akiomba nyama isiyo na mafuta, alimtazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa. Alikuwa na bucha, na kwa muda mrefu alikuwa akilimezea mate banda lililo nyuma ya nyumba ya mama yake, apate pa kuweka jokofu lake la pili.

Banda hilo lilikuwa mikononi mwa mke wa kaka yake, mfugaji wa kuku. Mama mkwe wake alishakata shauri, akamwambia:

"Kundi hili likifa kama lile lililopita, mwanangu, banda anachukua shemeji yako. Likipona, nisisikie tena habari ya jokofu."

Vifaranga walikuwa na siku chache tu mfugaji alipoitwa kumuuguza dada yake. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mfugaji akamwachia shemeji kazi ya maji na chakula, kwa kuwa mgongo wa mama mkwe haukumruhusu kuinama na hapakuwa na mwingine.

Aliporudi alipokewa na harufu. Vifaranga walikuwa wamejikunyata chini ya taa, mabawa yamelegea, na nyuma ya kila mmoja kinyesi kimeganda kama nta, kimeziba njia. Wengine walishakufa.

"Shemeji, umewapa nini?"

"Chakula! Kile chako kilikuwa kikavu kama hotuba. Nikayeyusha shahamu ya ng'ombe, nikachanganya. Nimekusaidia."

"Watoto wachanga hawa."

"Mafuta ni mafuta, bwana. Hawa wana asili ya kufa tu." Alisema hayo huku akipima ukuta kwa shubiri, kutoka mlangoni hadi kwenye kona.

Mama mkwe akatokea mlangoni. "Sitaki kelele. Nionyesheni."

Mfugaji hakujibizana. Alichomoa gazeti lililotandikwa chini ya vifaranga, akalinyanyua mbele ya taa. Kila palipoangukia kinyesi, karatasi ilikuwa imelowa mafuta na kupitisha mwanga, kama ile iliyofungiwa chipsi.

"Mama, shahamu ya shemeji hii hapa. Imeingia mdomoni, imetokea nyuma, na njiani haikumsalimu mtu."

Mama mkwe akagusa, akasugua vidole, akaguna. "Mbona?"

"Kifaranga huanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni. Hayo ndiyo mafuta anayoanzia maisha. Nyongo yake bado haba. Mafuta laini ya mimea, kidogo, anayamudu. Shahamu ngumu inamshinda mpaka akue."

"Nyongo!" Bwana Mnofu akacheka hadi tumbo likatikisika. "Nyongo mimi naitupa kila siku! Kazi yake kuharibu nyama."

"Mikono yako ikijaa shahamu, shemeji, unanawa maji matupu?"

"Maji matupu yatatoa nini? Natumia sabuni."

"Basi nyongo ndiyo sabuni ya tumbo. Na wewe umewalisha shahamu watoto ambao sabuni yao haijatosha."

Bwana Mnofu akaanza kunyatia mlango. Mama yake akamsukumia beseni.

"Aliyeziba ndiye azibue."

Basi mtu mzima akaketi kwenye kigoda, vidole vilivyozoea kupasua mbavu vikishika kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akifuta nyuma ya kifaranga mmoja baada ya mwingine. Kila alipopumzika, mama yake alikohoa. Mfugaji alimwaga chakula chote chenye shahamu, akarudisha kile kikavu. Wachache zaidi walikufa. Wengi wakazibuka, wakaanza kula.

Wakaota manyoya, wakapanuka vifua. Hapo mfugaji mwenyewe akaenda buchani kuomba shahamu, akawachanganyia kidogo kidogo. Safari hii haikupita bure: kuku wakawa mviringo, na kinyesi kikabaki kikavu.

Siku moja akaikuta bucha imejaa wateja, na Bwana Mnofu ametanua kifua.

"Kuku wa shemeji yangu mmewaona? Nimewanenepesha mimi! Nilisema zamani, mafuta ni mafuta."

"Kweli kabisa, ndugu zangu," mfugaji akasema kwa upole kutoka nyuma ya foleni. "Na makalio yao pia aliyaosha yeye, mmoja mmoja. Hilo amewaambia?"

Kisu cha Bwana Mnofu kikasita juu ya ubavu. Jokofu la pili bado liko barazani kwake, limefunikwa turubai.