Habari ya Asubuhi, Randall

Jumanne jioni, katika darasa la Kiingereza kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja mjini Fort Worth, Marekani, Eun-ju alikaa karibu na birika la kahawa akirudia maneno ya biashara: ankara, mkataba, bei ya jumla. Hayo yalimwingia vizuri. Kilichomshinda ni kumwita mkubwa wake kwa jina tupu.

Kwao Korea, bosi huitwa kwa cheo na mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Ndiyo maana Jedidah, Mkenya aliyekaa naye dawati moja, alipoanza kumwita Mama Minji, aliitika tu kama aliyezoea.

"Katika ofisi za huku sote ni sawa," alisema mwalimu wao, bibi wa mvi aliyefundisha kwa kujitolea. "Niite Kathy."

"Sawa, Kathy," alisema Eun-ju, akapungua kimo kwa upana wa kidole. Kathy alimsifu kwa matamshi.

Alipata kazi katika kampuni ya vipuri vya viyoyozi. Kila asubuhi alimwambia bosi wake, "Habari ya asubuhi, Randall," na kila asubuhi alipungua. Randall alibaki vilevile. Ofisi ilimletea kiti kirefu chenye kidaraja cha kukanyagia, ikamwomba asaini kwamba amekipokea.

"Mama Minji, hiyo sweta si ni ya mtoto?" Jedidah alimuuliza darasani.

"Ni yake. Yangu tunajifunika usiku."

Wakacheka mpaka Kathy akawatazama. Lakini Eun-ju hakuweza tena kumbeba Minji. Mtoto alinyoosha mikono, mama naye akanyoosha yake, wakabaki hivyo mlangoni wakitazamana.

Alhamisi moja, mlezi alipiga simu: Minji ana homa. Eun-ju akaenda kwa Randall.

"Randall, naomba kuondoka mapema."

"Hapa sote ni sawa," alisema Randall kwa upole. "Nikikuruhusu wewe, itabidi niwaruhusu wote." Kisha akachukua funguo zake, akaenda kucheza gofu.

Kazi ilipokwisha, Eun-ju aliingia kwenye gari, na miguu yake haikufikia pedali. Akampigia Jedidah, aliyekuja na sare yake ya hospitali, akasimama kando ya dirisha.

"Mama Minji."

"Abee," aliitika Eun-ju, kama alivyofundishwa na Jedidah.

"Mama Minji! We Mama Minji!"

Aliitwa, akaitika, tena na tena. Magari mengine yaliwapita yakielekea barabara kuu. Kiatu kilipogusa breki, Jedidah aligonga paa la gari kwa kiganja.

"Sasa nenda. Ukifika, mbebe."

Alimbeba usiku kucha, akizunguka naye sebuleni, mpaka homa ikashuka.

Asubuhi aliingia ofisini na suruali iliyomtosha.

"Habari ya asubuhi, Randall," alisema, kisha akainama kukunja pindo lililogusa sakafu.