Msichana wa Kwenye Bango

Tangu Jumapili ya kwanza ya mafunzo Gesare alikuwa na hasira, na wakati huo hakuna aliyekuwa amemkosea ila mkono wake mwenyewe wa kushoto.

Pale Nyanchwa walimjua kwa gitaa. Alianza kulipiga kanisani akiwa darasa la nne, na sasa, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, harusi nyingi za mjini Kisii hazikunoga bila yeye. Wimbo asioujua aliudaka papo hapo huku akipiga gumzo na maharusi. Kisha akajitia kujifunza obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane na tumbo la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, akawa kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko.

Miaka yote hiyo mkono wa kushoto ulizoea kubana nyuzi. Obokano haibanwi. Kila uzi una sauti yake moja, na mikono yote miwili inadonoa. Mkono wa Gesare ukawa unatafuta shingo ya gitaa isiyokuwepo, unakamata hewa, wimbo nao unampita.

“Unabana tena,” Anyona alimwambia.

“Najua, Mwalimu!”

“Kama unajua, mbona unabana?”

Siku hiyo Gesare alitoka nje akaupiga mgomba teke mpaka kiatu kikapasuka.

Anyona aliongoza kikundi cha ngoma za kienyeji huko Magwagwa. Yeye ndiye aliyemfuata Gesare baada ya kumsikia kwenye harusi moja. “Mikono kama hii ni dhambi kuliachia gitaa peke yake,” alimwambia. “Kikundi changu hakijawahi kuwa na msichana wa obokano. Njoo uwe wa kwanza.” Gesare akaamini. Sabato alipiga gitaa kanisani. Jumapili alipanda boda boda kwenda Magwagwa, mvua inyeshe, tope lirukie sketi. Sugu za gitaa hazikumsaidia kitu, kwa sababu obokano ilimchuna mahali pengine kabisa, ubavuni mwa vidole gumba.

Msimu wa mahindi ulipokuwa ukiisha, mkono ulianza kutii. Wimbo mmoja wa palizi ukafika mwisho, ukichechemea lakini mzima. “Umeona, mjinga wewe?” Gesare aliukaripia mkono wake, akacheka peke yake uani.

Tamasha la kwanza ambalo Gesare angepiga na kikundi lilikuwa Nyansiongo, kwenye uwanja uliozungukwa na mashamba ya chai. Asubuhi Gesare alikuta bango kubwa langoni: picha yake mwenyewe, shanga kichwani, amekumbatia obokano. Moyo ukamdunda kwa fahari. Akaenda nyuma ya jukwaa, akamkuta Anyona akimkabidhi fundi wa mitambo flashi.

“Leo usidonoe kwa nguvu,” Anyona alimwambia. “Gusa nyuzi tu. Sauti itatoka kwenye spika. Nimejirekodi.”

Gesare alidhani hakusikia vizuri. “Umejirekodi wewe?”

“Wewe bado unachechemea, binti. Kuna mgeni rasmi. Watu wanataka kumwona msichana. Kusikia, watanisikia mimi.”

“Na Jumapili zote zile ulikuwa unanifundisha nini?”

“Kukaa,” Anyona akasema, bila hata haya. “Na mikono iende panapofaa, isituumbue.”

Damu ilimpanda Gesare mpaka masikioni. “Yaya,” alisema. Hapana, kwa Ekegusii, ili kusiwe na mtu wa kusingizia kwamba hakuelewa. Lakini jina lake lilikuwa limeshaitwa.

Alipanda, akaketi, akaegemeza obokano. Spika zikaanza kuunguruma wimbo wa Anyona. Gesare akakunja mikono kifuani. Obokano ikalia na kulia, na msichana amekaa tu, macho makavu. Mtu akacheka, kisha uwanja mzima ukacheka. Fundi akababaika, akazima mtambo.

Hapo ndipo Gesare alipodonoa. Alipiga ule wimbo wa palizi kwa hasira, akaukosea kwenye ubeti wa pili, mkono ukikamata hewa. Akaacha, akauanza ubeti upya. Mgeni rasmi alikuwa akitazama simu. Vijana wengine waliondoka kwenda kununua soda. Mwanamke mmoja safu za nyuma, aliyeujua wimbo, alisimama akaimba naye mpaka mwisho.

Alipoteremka, Anyona alimnyang'anya obokano. “Hii ni yangu. Umeniaibisha mbele ya watu!”

“Nimekuaibisha? Watu wamecheka sauti yako ilipokosa mikono. Kalibandue lile bango, kwa sababu uso ni wangu.”

Akaondoka bila ala, machozi ya ghadhabu yakimtoka, na hakuyafuta.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Onchiri, fundi anayechonga obokano karibu na soko la Magwagwa.

“Anyona amenipigia,” Onchiri alimwambia kabla hajaketi. “Amesema nisikutengenezee.”

“Nawe ukasemaje, baba?”

“Nimemwuliza kama na mti ni wake.” Onchiri alionyesha bonge la mti lililokwisha kukatwa na kuchongwa tumbo. “Lakini utangoja. Ngozi haiharakishwi.”

“Nitangoja,” Gesare alisema. Hasira zake hazikutaka kungoja. Akavua sweta, akaomba msasa, akaanza kuusugua mti ule.