Folda ya Nasubiri

Pale maktaba walimwita Mama Kumbusho, naye alijua, wala hakununa. Akikuandikia baruapepe nawe ukanyamaza, jiandae: Ijumaa alasiri anakukumbusha. Kila barua aliyoandika iliyohitaji jibu aliiburuta kwenye folda aliyoiita Nasubiri, na jibu likija, anaitoa. Wachapishaji, fundi wa mashine ya kunakili, hata mkurugenzi, wote walipitia humo. Hakuna aliyepona!

Ila barua moja ilikaa humo siku kumi na moja, na hiyo hakuthubutu kuikumbushia. Ilikuwa ya kwenda kwa dada yake mkubwa. Walikuwa hawasemezani mwaka wa pili sasa, tangu msiba wa mama yao, pale yeye, kwa uchovu wa kuuguza, alipomwambia dada mbele za watu, "Wewe umekuja kuzika tu." Maneno gani yale, jamani! Sasa dada alikuwa anahamia ng'ambo, ndege ni Ijumaa hii jioni. Mama Kumbusho alikuwa amemwandikia kumwomba radhi, na dada kimya.

"Si umpigie?" mumewe alimwuliza asubuhi ya Ijumaa hiyo, akimtazama anavyokoroga chai aliyosahau kutia sukari.

"Nimeomba msamaha kwa maandishi hajajibu, halafu nipige na simu? Nijidhalilishe mara ngapi?"

"Mara moja tu zaidi," mume akasema, akachukua funguo zake akaondoka.

Kazini hakukukalika. Mara ainuke, mara akae, mara apange vitabu vilivyokwishapangwa. Akamkaripia msomaji aliyepiga chafya. Chafya, hebu fikiria! Kila baada ya dakika mbili anachungulia folda, barua ipo palepale. Akamlaani dada kwa roho ngumu, kisha akajilaani mwenyewe kwa mdomo wake.

Saa kumi kasorobo uvumilivu ukamwisha. Potelea mbali, akasema, namkumbusha kama ninavyowakumbusha wengine. Akaifungua barua. Juu yake, kwa herufi ndogo nyekundu, paliandikwa: Rasimu.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Siku ile aliandika, akaiburuta Nasubiri kwa mazoea, akijiambia ataipitia mara moja kisha aitume. Akasahau, hakuituma! Siku kumi na moja amemnunia mtu ambaye hakuandikiwa kitu.

Hakujali tena kudhalilika. Akapiga simu palepale mezani, chini ya bango la KIMYA alilolibandika kwa mkono wake.

"Kuna nini?" dada alipokea haraka. "Mko salama? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Dada, nilikuandikia barua."

"Lini? Mbona sijaiona?"

"Sikuituma. Nilidhani nimeituma."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu na magurudumu ya masanduku. "Wanatuita kupanda," dada akasema. "Siwezi kusoma kitu saa hizi. Nisomee wewe."

Akaisoma. Mwanzo alinong'ona, kama anavyowaamuru wengine siku zote. Wasomaji wakainua vichwa.

"Hapo sijakusikia," dada akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huku kelele. Rudia pale uliposema ulikosea."

Mama Kumbusho akasimama, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Nilikosea!" akapaza sauti, na maktaba nzima ikamsikia. "Dada, nilikosea!"