Vibuyu Saba Kati ya Kumi

"Ng'oeni hilo hema!" nilipiga kelele kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki. Vijana wakanitazama kama mtu aliyeleta jeneza harusini.

Ilikuwa Mei, Rongai, asubuhi ya koito ya binamu yangu Jerotich. Ukoo wa mchumba ulikuwa njiani kutoka Molo kuja kujadili mahari, na hema lilishasimama kwenye uwanja wa mchanga kando ya korongo, chini ya migunga. Pazuri, sikatai. Pana kivuli, pamelala sawasawa kama mkeka. Lakini nani alipasawazisha kama si maji?

Wiki nzima watu walikuwa wakiishi na hofu ya kimbunga. Magazeti yalikipigia debe kama mgombea: kinakuja, kimekaribia, kitatumaliza! Mama Jerotich hata aliweka mawe juu ya paa. Kisha, siku moja kabla ya koito, gazeti likaandika kwamba kimbunga kimefia baharini, Wakenya wapumue. Basi wakapumua, wakapiga hema.

Mimi husoma habari za hali ya hewa redioni, pale Nakuru. Taarifa ya wataalamu ilikuwa mezani kwangu, kurasa tatu zisizo na neno hata moja la kutisha. Upepo umekwisha, ilisema. Mvua milimani inaendelea, udongo umeshiba maji, uwezekano wa makorongo kufurika ni asilimia sabini. Nani atauza gazeti kwa asilimia sabini? Niliisoma hewani, nikaona haitoshi, nikafunga safari.

Mzee Kosgei, babake Jerotich, alitoka na fimbo yake. Ni kaka mkubwa wa baba yangu, nami humwita Baba.

"Chepkurui, si gazeti limesema kimeisha?"

"Kimbunga kimeisha, Baba. Maji bado."

"Sasa korongo litafurika leo ama halitafurika? Sema moja."

"Siwezi kusema moja."

Vijana wakaangua kicheko. Nilipandwa na hasira, kwa sababu nilijua ninachokijua, na watoto wa ukoo mzima wangekaa pale chini.

"Baba, tuseme una vibuyu kumi vya maziwa ya mursik. Saba vimeharibika, na kwa macho huwezi kuvitambua. Utawamiminia wakwe?"

Kicheko kikakatika. Mzee wa kwetu anaweza kubishana na mvua, lakini si kucheza na tumbo la mgeni.

"Pelekeni hema juu," alisema. "Na viti."

Korongo halikufurika siku ile. Wakwe walipanda kilima wakihema, na Kipngeno, ndugu wa Jerotich, akanichokoza mpaka jioni. "Dada, mto wako umekwama kwa jam ya malori pale Salgaa?" Niliona aibu, lakini neno langu sikulirudisha. Ndipo Mzee Kosgei akainua kikombe.

"Leo tumekunywa vile vitatu vizima," alisema. "Hema ni la juu."

Ikawa sheria ya boma lile. Mwaka uliofuata hapakuwa na kimbunga chochote gazetini. Tulikuwa juu, tukila, siku ya ubatizo wa mtoto wa Jerotich, korongo liliponguruma. Maji yaliufunika uwanja wote, yakaondoka na migunga miwili. Jerotich alimkumbatia mwanawe. Kipngeno naye akaanza kuhesabu watoto.

Mzee Kosgei alitazama chini, kisha akanisogezea kibuyu.

"Hiki ni kizuri," alisema. "Kunywa."