Upande wa Kushoto wa Panzi

Panzi alikuwa anafunga kamba za njumu pale kocha alipofuta namba yake pembeni mwa ubao na kuiandika katikati.

"Mshambuliaji wetu wa kati kaamka na homa," kocha alisema. "Panzi, leo utasimama wewe. Si umeshawahi?"

"Nimewahi, kocha," alijibu, akiinamia tena kamba zake.

Wenzake wakampigia makofi. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na soksi mbichi, njumu zikigonga sakafu, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Nani angewaza? Mfungaji bora wa timu ya taifa ya wanawake, mwenye mabao mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwa kocha, aogope kusimama katikati!

Lakini aliogopa, tena sana, maana jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Miaka miwili nyuma, akiwa klabuni kwake ugenini, alipigwa na mpira wa karibu mazoezini. Kwanza akaona ukungu, kisha giza. Daktari aliyemwendea kwa siri alimwambia jicho hilo halirudi, na kwamba akiendelea kucheza anaweza kulipoteza na la pili. Panzi akamshukuru, akaenda mazoezini.

Tangu hapo akaishi kwa ujanja. Alimwomba kocha amhamishie winga ya kushoto, ambako upande wake mbovu ulielekea mstari na mashabiki, na mchezo wote ukabaki kulia kwake. Watangazaji wakammwagia sifa: tazameni anavyogeuza shingo, huyu ana akili ya mpira! Siku ya kupimwa macho, nesi alipomwambia afunike jicho moja, alifunika la kushoto kwa mkono wa kushoto. Alipoambiwa abadilishe, akabadilisha mkono tu. Nesi alikuwa anachezea simu, akaandika kwamba macho yote ni mazima.

Mtu mmoja tu aliijua siri hii, naye leo alikuwa beki wa timu pinzani. Waliishi nyumba moja kule klabuni, wakapika sufuria moja. Watu walimwita Seremala kwa jinsi alivyoipiga randa miguu ya washambuliaji. Ndiye aliyekuwa akimsogezea Panzi kikombe upande wa kulia, na barabarani akitembea kushoto kwake bila kuombwa. Mwishowe waligombana.

"Acha mpira, mdogo wangu," Seremala alimwambia siku alipokuwa anafungasha kuhamia klabu nyingine. "Likipigwa na hilo la pili, utashikwa mkono mpaka mlango wa choo. Na nikikukuta uwanjani nimevaa jezi ya kwetu, usitegemee huruma. Nitakukaba kwa kushoto mpaka ukome."

Hawakusemezana tena. Na leo ndiyo leo: anayeshinda anakwenda mashindano makubwa, anayefungwa anarudi nyumbani. Mama yake Panzi alikuwa ameshajaza majirani sebuleni, na viti vya kuazima juu.

Walipopeana mikono kabla ya kipenga, Seremala aliuminya mkono wake huku akitazama pembeni. Panzi akajua amekwisha.

Kipindi cha kwanza alikicheza roho mkononi. Pale katikati, upande wa kushoto ulikuwa umejaa watu asiowaona. Alisikia pumzi, alisikia vishindo, na kila kishindo kilimfanya ageuze shingo. Mipira miwili ya wazi aliipiga nje kwa kuwahi kuuondoa uso. Ajabu ni kwamba Seremala hakuja kwa kushoto. Alimvuta jezi, akamtia kiwiko cha mbavu, akamwambia, "Leo hupiti hata uote mabawa," lakini yote hayo kwa kulia, mahali pa kuonekana. Hilo lilimtisha Panzi kuliko teke. Ananivizia, alijiambia, anasubiri nisahau.

Kikapulizwa kipenga cha mapumziko. Alimfuata kocha, akafungua kinywa aseme habari ya jicho.

"Mwanangu," kocha akamuwahi, "mipira ya juu ni yako. Wewe ruka tu."

"Sawa, kocha," akajibu, akarudi uwanjani.

Zilipofika dakika za lala salama, bado hakuna aliyemfunga mwenzake. Winga wa kulia akapiga krosi. Panzi aliuona mpira vizuri kabisa, ukija taratibu, akajirusha na furaha ikamjaa, akasahau kila kitu. Hakuwa na habari kwamba kipa naye alikuwa ametoka golini kwa kushoto, goti mbele, ngumi juu.

"Panzi! Kushoto! Inama!"

Sauti ile aliijua. Mwili uliitii kabla ya akili, kama ulivyozoea kuitii magari yalipopita. Akakunja shingo. Ngumi ikapita mbele ya paji lake, ikamparuza juu ya nyusi ya kulia, mpira ukawapita wote ukatoka nje, naye akaanguka na kuketi chini, damu ikimdondokea shavuni.

Uwanja ulipigwa na butwaa. Beki kamwokoa adui! Kocha wa kina Seremala alirukaruka pale mstarini akimtolea maneno yasiyoandikika.

Daktari wa timu alikuja mbio, akapiga magoti kushoto kwa Panzi.

"Yule beki anakuonya habari ya kushoto, ana nini?" aliuliza.

"Wazimu wake tu. Niache nicheze."

"Tazama mbele, usigeuke. Nimeinua vidole vingapi?"

Panzi alitega sikio kushoto. "Viwili," akabahatisha.

Daktari alikuwa hajainua hata kimoja. Akanyanyuka, akawageukia wa kwenye benchi na kuzungusha mikono: abadilishwe.

Panzi akanyoosha mkono ainuliwe. Aliyempa mkono alikuwa Seremala.

"Umenimaliza," Panzi alimwambia. "Mama amejaza watu sebuleni. Umenimaliza, dada."

"Nimekuachia jicho moja," alisema Seremala, naye akilia.

Panzi alitamani kuutupa mkono ule. Hakuwa na nguvu. Wakaanza kutembea kuelekea mstarini, huku watu wakizomea na wengine wakipiga makofi bila kujua wanampigia nani, Seremala akiwa kushoto kwake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Panzi hakugeuza shingo kutazama upande ule kuna nini.